Mwanamke Aliyemshusha Mumewe Angani

PAAA!

Kofi lile lilisikika hadi kwenye foleni ya maji. Maganga akayumba, kofia ikamtoka kichwani, ikaangukia vumbini.

"Nyoka wewe!" Donatus alimnyooshea kidole. "Miaka sita tunakula sahani moja, leo unanichoma kwa Wazungu?"

Maganga hakujibu. Aliokota kofia, akaipangusa, akaondoka.

Kambi nzima ikamzomea.

Sasa nisikilizeni vizuri, ndugu zangu. Hatua tatu nyuma ya Donatus alisimama mkewe, Scolastika, mtoto mgongoni. Alijua kabisa kwamba kofi lile limempata asiye na hatia.

Aliyemchoma Donatus ni yeye.

Mkewe! Wa ndoa ya kanisani!

Scolastika ni bibi yangu, mzaa baba. Alinihadithia haya mwenyewe, mimi namkanda miguu kule kwake Kalangalala, akasema, "Siku nikifa, yaseme." Tumemzika mwaka jana. Nayasema.

Ilikuwa mwaka 1953, kwenye mgodi mmoja kule Shinyanga. Babu Donatus alikuwa msaidizi wa fundi karakana. Maganga, rafiki yake wa damu, alikuwa tarishi ofisini.

Wazungu wa mgodi walikuwa na klabu yao kando ya bwawa. Jumapili walicheza na mashua za tanga. Hawavui samaki, hawavuki kwenda popote... wanazunguka bwawa tu, wanarudi walikotoka, wanapongezana! Donatus na Maganga walilipwa kuzisukuma majini na kuzitoa.

Kati ya Wazungu wale alikuwepo Mpolandi mmoja, Bwana Yanek, aliyebaki Tanganyika baada ya vita. Huyu hakuwa na makuu. Siku moja, wenzake wakiwa mezani wanakula, akamwita Donatus.

"Ingia. Shika kamba. Usitazame tanga. Sikiliza upepo kwenye shavu lako."

Donatus akaingia. Akapinduka!

Akaingia tena. Akapinduka tena!

Wanawake waliokuwa wanafua ng'ambo ya bwawa walicheka hadi wakakaa chini, Scolastika akiwa wa kwanza. Lakini miezi miwili baadaye Donatus alikuwa anaizungusha mashua kama anavyozungusha baiskeli. Jioni anarudi ananuka tope, kachangamka, anamrusha mtoto wao Thobias hewani na kumdaka.

Scolastika hakuwa na tatizo na mashua.

Tatizo lilikuja ndani ya sanduku.

Sanduku refu, limetoka Ulaya kwa meli na treni. Wakalifungua, wakaunganisha vipande. Eropleni! Ya mbao na kitambaa, mabawa marefu kama nini... lakini haina injini. Mota ya lori bovu inavuta waya mrefu, chombo kinapaa, waya unaachia, basi. Kinabaki juu kimya, kinazunguka na tumbusi kwenye hewa ya joto.

Watu wa kambi wakaiita eropleni bubu.

Donatus akapewa kazi ya kuendesha ile mota. Maganga akawa anashika ncha ya bawa wakati wa kuondoka.

Mwezi haujaisha, Mzungu mmoja akaanguka nayo. Scolastika alikuwepo. Aliona mfupa wa mguu umetoka nje, mweupe, kama muhogo uliomenywa.

Usiku ule hakulala. Asubuhi akamwekea mumewe rozari mkononi.

"Baba Thobias, niapie hutapanda kile kitu."

"Mimi? Watanipandisha na nani? Kile ni cha Wazungu."

"Niapie!"

"Naapa."

Eropleni ikatengenezwa. Miezi ikapita. Jumapili Donatus akaanza kuchelewa kurudi. Saa nane... saa tisa... saa kumi. Anakuja macho yanang'aa, chakula hataki, anatabasamu peke yake.

Wanawake wenzangu, hebu nyie semeni. Mume anatabasamu peke yake... ungewaza nini?

Hata yeye aliwaza hivyo hivyo!

Jumapili moja adhuhuri akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kuni moja nene, akamfuata. Alikuwa amejiandaa kumvunja mtu meno.

Hakumkuta mwanamke.

Alimkuta Donatus amekaa ndani ya eropleni bubu. Peke yake! Bwana Yanek yuko kwenye mota. Maganga ameshika bawa, anaangaza huku na huku kama mlinzi. Wazungu wengine wote wako mezani.

Waya ukakaza. Maganga akakimbia hatua chache, akaachia.

Na Donatus akapaa.

Kuni ikamdondoka Scolastika mkononi. Mumewe alikuwa mdogo kule juu kuliko tumbusi. Alichosikia ni upepo tu unapita kwenye nyasi... na moyo wake mwenyewe.

"Afadhali ningemkuta na mwanamke," bibi aliniambia. "Mwanamke ningempiga. Anga ningelifanya nini?"

Jioni Donatus akarudi.

"Umechelewa, Baba Thobias."

"Mota ilisumbua. Tulikuwa tunaitengeneza."

Akamwekea ugali na mlenda. Akamtazama anavyokula.

Asubuhi yake akaenda ofisi ya Bwana Kambi, yule Mzungu aliyesimamia wafanyakazi na nyumba zao. Akapiga goti.

"Bwana, mume wangu anapanda eropleni. Nakuomba umkataze tu. Ataniachia mtoto."

"Donatus? Anapanda yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, Bwana. Lakini usimfukuze. Mkataze tu."

Bwana Kambi akatabasamu. "Nenda nyumbani, mama. Umefanya vizuri."

Jamani... kabla jua halijawa utosini, Donatus hana kazi! Mwafrika kurusha eropleni ya klabu? Kosa kubwa! Nyumba waiache kufikia kesho. Bwana Yanek naye, aliyekiri kwamba ndiye aliyemfundisha, akaambiwa afungashe. Maganga akabakizwa, kwa kuwa hakuna aliyemtaja.

Na hapo ndipo Donatus alipopiga hesabu yake. Siri waliijua watu watatu. Mimi, akawaza, nimefukuzwa. Yanek kafukuzwa. Aliyebaki na kazi ni nani?

Kofi!

Jioni ile wakiwa wanafunga mizigo, Donatus aliketi juu ya kitanda kisicho na godoro.

"Mama Thobias, nilikudanganya. Niliapa kwa rozari, nikapanda. Nisamehe."

Scolastika akaendelea kukunja nguo.

"Kile chombo kina viti viwili. Jumapili ijayo kiti cha pili kilikuwa chako. Bwana Yanek alishakubali."

Mikono ikasimama. "Changu mimi?"

"Nilitaka nikuoneshe. Kule juu, mama, hakuna anayekuita boi. Upepo unakuuliza kitu kimoja tu, unajua au hujui... na mimi najua!"

Halafu akalia. Mwanamume mzima, akajifunika uso kwa shati lake.

Bibi alisema pale ndipo alipotakiwa kusema. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Akayameza.

Wakahamia Geita. Jina la Donatus lilikuwa limeshachafuliwa, karakana hakuna aliyempokea. Kazi iliyopatikana ilikuwa chini, kwenye mashimo ya dhahabu. Anashuka alfajiri na taa kichwani, anapanda jioni mwili wote vumbi la mawe. Kuchangamka kukaisha. Akizungumza, anazungumza na sahani.

Maganga alituma barua tatu. Zote Donatus alizitia motoni bila kuzifungua.

Scolastika alijaribu. Mara mbili, mara tatu. "Baba Thobias, kuhusu Maganga..."

"Usinitajie huyo mtu ndani ya nyumba yangu!"

Naye ananyamaza. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Mwezi wa nne 1956, mwamba uliporomoka wakiwa chini. Wenzake wanne walitolewa hai. Donatus alitolewa wa mwisho.

Mkewe alimtoa angani asife. Akamfia chini ya ardhi.

Walimzika Kharumwa, nyumbani kwao. Watu wakiwa wanatawanyika, Scolastika akamwona mwanamume amesimama mbali, suruali imejaa vumbi la safari.

Maganga! Alikuwa amepanda lori la pamba, kipande kingine ametembea kwa miguu.

Scolastika akamwendea, akapiga magoti.

"Shemeji, aliyesema si wewe. Ni mimi. Mimi ndiye niliyekwenda kwa Bwana Kambi."

Maganga akamwinua.

"Najua, shemeji."

"Unajua?!"

"Nilikuwa chumba cha pili siku ile, napanga mafaili. Ukuta ule ni wa mbao. Nilisikia kila neno."

Scolastika akamkamata mkono.

"Sasa kwa nini hukumwambia? Amekupiga mbele ya watu! Amekufa anakuchukia!"

"Ningemwambia, angekufukuza siku ile ile. Una mtoto mdogo mgongoni, ungekwenda wapi? Nilijiambia, kofi moja tu, litapoa."

"Likapoa?"

Maganga alitazama udongo mbichi wa kaburi.

"Halijapoa, shemeji. Nilikuwa nasubiri yeye alipoze."

Akaenda kaburini peke yake, akachuchumaa. Alichomwambia rafiki yake hakuna aliyesikia.

Ndugu zangu, bibi hakumchukia babu. Alimpenda, akaogopa. Lakini hofu yake aliipeleka kwa mtu mwenye uwezo wa kumvunja mumewe, badala ya kumpelekea mumewe mwenyewe. Kisha akangoja wakati mzuri wa kuungama. Miaka mitatu aliungoja, haukuja.

Kama una mtu wa kumwambia ukweli, na bado anapumua... acha kusoma hapa. Nenda.