Waliochukuliwa na Familia

Kipimatumaini kilitua juu ya kifua cha Mzee Anyosisye, kidude cha kioo kisichozidi ukubwa wa kifungo, kikatulia kusikiliza. Kwa nusu dakika kilipima damu, mapafu na mifupa, kikamlinganisha na wazee wote waliovuka miaka sabini ambao waliwahi kuwekewa kipumulio jijini Mbeya. Kisha ukutani ikawaka namba: asilimia mbili.

Sheria ya wadi haikuwa na mjadala. Aliyepata chini ya tano, kipumulio chake huzimwa saa tisa alasiri, kikahamishiwa kwa mgonjwa mwingine. Ilikuwa saa nane na nusu.

Mhandisi Tulinagwe, mbunifu wa chombo hicho, alipenda kuja mwenyewe kuzielewesha familia. Alijiona mtu wa huruma. Watu walimshukuru, naye akazoea.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia dada wa mgonjwa, aliyeketi kando ya kitanda.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mbili ni ya nini?"

"Katika wazee mia walio kama kaka yako, wawili tu hutoka hapa wazima. Chombo hakibahatishi, bibi. Kimesoma mafaili ya miaka arobaini."

"Basi na langu limo. Ndimbumi Mwangoka. Miaka kumi iliyopita nililala wadi hii hii, mpira kooni. Wanangu wakasema mama hafii ugenini, wakanibeba nikafie kwangu. Kaburi wakachimba!" Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Siku ya tatu nikaomba uji."

Tulinagwe alilitafuta faili. Ndimbumi Mwangoka: amefariki.

Aliyeandika hivyo alimjua, maana alikuwa yeye mwenyewe. Alipokuwa akikifundisha chombo, alikuta mafaili mengi yaliyoishia na maneno "amechukuliwa na familia". Nani wa huku asiyejua maana yake? Mzee harudishwi nyumbani ila kwenda kufa. Nani tena azunguke vijijini kupiga hodi, akiuliza kama marehemu yupo? Akawaandika wote wafu, elfu tatu na ushei, kabla ya chai ya saa nne. Chombo kikajifunza kwamba wazee hawaponi. Kikawanyima hewa, wakafa kweli, na vifo vyao vikakifundisha zaidi. Mwaka wa nane sasa.

Akamwita muuguzi wa zamu.

"Kipumulio hiki kisizimwe," alimwambia. "Wala kingine chochote. Nitaandika barua ya kujieleza mimi."

Namba ikafutika ukutani.

"Kwa hiyo atapona?" aliuliza bibi.

"Sijui, bibi." Hakuwahi kulitamka neno hilo ndani ya wadi ile. "Ana miaka tisini na tatu, anaweza kufa hata leo. Lakini ile mbili ilikuwa uongo, na mwongo ni mimi."

Akamweleza yote, bila kuficha. Bibi Ndimbumi alisikiliza, kicheko chote kimemwisha.

"Mwaka jana ulikuja ukatuambia mke wake ana tatu," alisema taratibu. "Tukakubali. Kaka yangu akakushika mkono akakushukuru, tukakuletea na jogoo. Ulimla?"

Tulinagwe alijibu kwamba ndiyo, alimla.