Mkokoteni wa Wafo Mlangoni pa Hospitali

Theluji ikitangazwa Cleveland, watu wanapandwa na kichaa cha aina moja. Mkate, maziwa na mayai vinasombwa madukani, utadhani kila nyumba imeapa kula mkate wa mayai mpaka barafu iyeyuke. Jumamosi ile supamaketi ilifurika, matoroli yakigongana, wazee kwa vijana wakisukumana kwa adabu.

Renita Boykin hakuwa na haja na mkate. Alisimama mbele ya friza, koti la zambarau limefungwa mpaka kidevuni, hereni kubwa za duara zikicheza, akihamishia torolini maboksi ya wafo zilizogandishwa: vile vimkate vya vishimo vishimo unavyotumbukiza kwenye tosta vikaruka juu vimeiva.

"Dada, umesahau mlango wa friza. Huo huuchukui?"

Aligeuka. Mwanamume mrefu, ndevu nyekundu zimechongwa vizuri, koti jeupe la mpishi likichungulia chini ya jaketi. Alisimamia mguu mmoja kama korongo.

"Unataka nini, kaka?"

"Njegere za kuganda, niweke gotini. Nimeteleza kwenye barafu."

"Zipo chini ya mkono wangu. Sema tafadhali."

"Tafadhali, mrembo. Ila nieleze, unalisha jeshi au unaezeka paa? Maana hizo ni mbao."

"Na wewe unapika nini cha maana, hata utukane chakula cha watu?"

"Mimi mpishi wa hoteli. Casimir Nowicki. Niite Caz."

"Pole sana, Caz. Mimi Renita. Nina mkokoteni mlangoni pa hospitali, upande wa manesi. Jumatatu njoo utafune mbao zangu. Na usichelewe, manesi hawana huruma."

Jumatatu alikuja, akichechemea. Renita alikuwa na tosta mbili, jiko dogo la gesi na mikono isiyotulia. Kwanza alimpa wafo mbili zilizokumbatia yai na soseji, zimepakwa shira yenye pilipili. Akaja na nyingine iliyokatwa vijiti, ya kuchovya kwenye tufaa lililopikwa na mdalasini. Ya tatu ilibeba kuku wa kukaanga na achari ya matango. Kila kitu kilitoka kwenye pakiti au kopo, lakini ulimi wa Caz haukujali. Nje ya wafo palikuwa pakavu pakivunjika kwa mlio, ndani laini, na shira imejaa kila kishimo.

"Vipi, mpishi? Tukuletee msumeno?" Renita alimchokoza.

Caz alikuwa ametia shira kwenye ndevu. "Unaolewa?"

"Futa mdomo kwanza."

Tangu hapo simu zikawa hazipoi.

"Umeamka, asali?" Caz angeuliza.

"Asali ni ya nyuki, mimi nimeamkia shira. Unasemaje?"

"Nimekuota."

"Nilikuwa nimevaa nini?"

"Aproni."

"Mwanaume huyu hana hata ndoto nzuri!" Renita aliangua kicheko, kisha sauti ikashuka. "Niombee, Caz. Hospitali wanataka mtu mmoja wa kuuza kifungua kinywa ukumbini, ndani, penye joto. Bi Haverty, msimamizi wao, anakuja kuonja Alhamisi. Baridi hii imeanza kunila vidole. Nikikosa nafasi ile, nafunga mkokoteni, narudi kupanga mizigo ghalani. Na mimi ghalani sirudi."

"Utapata, kipenzi. Niachie mimi."

Hapo kwenye "niachie mimi" ndipo mapenzi mengi yalipovunjika mguu. Caz alimpenda Renita kwelikweli, lakini moyoni hakuamini kwamba wafo ya boksi inaweza kumshawishi msimamizi wa hospitali. Jumatano jioni alikoroga unga nyumbani kwake, akatia maziwa ya mgando na siagi, akazichoma wafo nene za dhahabu. Alfajiri ya Alhamisi alipitia mkokotenini, na Renita alipoenda kuchota maji, akazitoa za boksi kwenye sanduku lake la barafu, akapanga za kwake. Akaenda kazini akipiga mluzi.

Bi Haverty alifika na suti ya kijivu, pembeni yake mkaguzi wa afya wa jiji. Renita akafungua sanduku kwa tabasamu. Tabasamu likakauka.

"Hizi hazina pakiti. Zimetoka wapi?" aliuliza mkaguzi. "Kibali chako ni cha kupasha moto chakula kilichofungwa kiwandani tu. Hiki kimepikwa nyumbani kwa mtu."

Hoteli ina sheria zake na mkokoteni una zake, na Caz hakuwahi kuuliza za mkokoteni. Mkaguzi hakuwa na la kufanya. Akabandika karatasi nyekundu ya kufungiwa. Bi Haverty akatikisa kichwa, akaenda zake.

Renita alikumbuka ile "niachie mimi", akapiga simu.

"Caz, umenifanya nini?"

"Nilitaka kukusaidia, mpenzi! Zile za boksi..."

"Malizia. Zile za boksi zina nini? Unazionea aibu. Basi na mimi mwenyewe unanionea aibu. Ulikula, ukalamba vidole, kumbe ulikuwa unanihurumia?"

"Renita, sikiliza..."

"Nimeshasikiliza. Usinipigie."

Alilia mpaka wanja ukafika kwenye kola, akajiosha uso, akavaa koti la zambarau na kwenda kumsubiri Bi Haverty kwenye maegesho ya magari, upepo wa ziwa lililo kando ya jiji ukimchapa mashavu.

"Mama, sikuomba huruma," alimwambia. "Naomba mdomo wako mara moja tu. Wafo zangu hukuzionja. Umeonja karatasi nyekundu."

Bi Haverty alimtazama, akajitahidi asicheke, akashindwa. "Kibali kikirudi, njoo Jumanne. Ukumbini. Sikupi nafasi ya tatu."

Renita alikwenda ofisi ya afya akiwa amejiandaa kwa vita. Akakuta vita vimeshapiganwa.

"Kuna jamaa wa ndevu nyekundu amekuwa hapa," mkaguzi alisema. "Amekiri chakula kilikuwa chake na wewe hukujua. Nikamwambia nitaandika barua hotelini kwake. Akasema niandike, hata jina lake akanitajia herufi kwa herufi. Ukaguzi wa mkokoteni ukipita, kesho unafungua."

Hakumpigia Caz. Moyo ulitaka, kidole kikagoma. Kwanza alikuwa na kazi ya kufanya, na aliitaka iwe yake peke yake.

Jumanne ukumbi ulinukia mdalasini mpaka wodini. Renita alivaa gauni la njano na kilemba cha kijani, midomo myekundu. Alibanika wafo mara mbili ili zisilegee, akaweka soseji ya Kipolandi, kabichi iliyochachushwa na haradali, akazikunja zikiwa moto, akazifunga kwa karatasi ili daktari ale akitembea. Bi Haverty aliuma, akanyamaza, akauma tena. Haradali ikamdondokea kwenye suti na hakuifuta.

"Unaanza lini?" aliuliza.

"Nimeshaanza, mama. Tazama foleni."

Na mwishoni mwa foleni alisimama Caz, kofia mkononi. Alipofika mbele, Renita hakuinua macho.

"Unataka ipi?"

"Yoyote ya boksi. Nisamehe, Renita. Chakula chako nilikipenda, nikaogopa kusema mpishi wa hoteli ameshindwa na tosta. Si wewe uliyenitia aibu. Ni kiburi changu."

"Hoteli wamekufanyaje?"

"Wamenihamishia kumenya viazi. Navimenya vizuri sana."

Renita akajizuia asicheke. "Na goti?"

"Halipigi tena kelele. Naweza hata kulipiga." Akalipiga, palepale kwenye sakafu iliyojaa matope ya viatu. "Nioe, bibie. Maana mimi kukuoa wewe sijafikia kiwango."

"Mjibu basi, zinaungua!" nesi mmoja alifoka nyuma. "Mimi naingia zamu!"

Renita alitoa wafo kwenye tosta, akamwekea Caz mkononi ikiwa bado moto.

"Nakubali. Lakini sanduku langu hulifungui bila kuniuliza, mpaka kufa. Haya simama, mpenzi, unaziba njia. Nani anafuata?"