Sasa Hivi ya Baba Atupele

Sogeeni karibu, tukae. Mwenye kamasi apenge kwanza.

Hadithi hii ni ya watoto. Wazazi wanaruhusiwa kusikiliza, wakikaa kimya.

Atupele aliishi Tukuyu, mji wa vilima, migomba na mvua. Mvua ya Tukuyu haibishi hodi. Inaingia tu.

Mama yake alioka mikate. Baba yake aliendesha katapila. Ngrrrr! Ngrrrr! Katapila lilisukuma udongo, barabara ikatokea.

Baba alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti kubwa na kofia ngumu ya njano. "Mimi siogopi kitu!" alipenda kusema. Alisema hivyo hata kama hakuna aliyemuuliza.

Siku zote Atupele alishinda na Bibi. Lakini Bibi alirudi Kyela kuvuna mpunga. Sasa nani atakaa na Atupele?

"Kesho unaanza chekechea," akasema Baba. "Usiogope. Usilie. Umesikia?"

Atupele hakuwa amefikiria kulia. Sasa akaanza kufikiria.

Asubuhi, Mama aliondoka mapema, maana mikate haisubiri. Akamkumbatia Atupele mpaka Atupele akakohoa.

"Baba Atupele, umuage mtoto vizuri," akasema Mama.

"Mama Atupele, mimi nasukuma vilima," akasema Baba. "Hii ni kazi ndogo."

Wakaenda, mkono kwa mkono. Chwaka, chwaka, chwaka, yakasema mabuti ya Baba kwenye matope.

Chekechea ilikuwa na geti la bluu na uzio wa michongoma. Ndani kulikuwa na watoto, na watoto walikuwa na kelele. Waaa! Nyaaa! Piii!

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Atupele, kwa sauti ndogo kama ya sisimizi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu," akasema Mwalimu Subilaga. Alikuwa amevaa aproni yenye uji mbele, na uji nyuma. Jinsi uji ulivyofika nyuma, hata yeye hakujua.

Atupele akaukamata mguu wa suruali ya Baba. Akaukamata kwa mikono yote miwili.

Baba akatazama kushoto. Akatazama kulia. Halafu akachuchumaa.

"Mwanangu, naenda hapo dukani kukununulia karanga," akasema. "Nakuja sasa hivi!"

Atupele akauachia mguu. Chwaka, chwaka, chwaka! Mabuti yakatokomea.

Atupele akakaa kwenye ngazi, akitazama geti. Sasa hivi ikapita. Baba hakuja.

"Njoo unywe uji," akasema Mwalimu Subilaga.

"Hapana. Nasubiri karanga."

"Njoo tuimbe."

"Hapana. Nasubiri karanga."

Akaja mvulana mmoja, akakaa karibu naye. Aliitwa Lusajo. Pua yake ilikuwa inamiminika, lakini yeye hakuwa na haraka nayo.

"Baba yako amekwenda wapi?" akauliza Lusajo.

"Kununua karanga. Anakuja sasa hivi."

"Aa," akasema Lusajo. "Mama yangu alikwenda kununua pipi. Mpaka leo sijaiona."

Akafikiri kidogo. "Baba yake Kissa, yule pale, alikwenda kukojoa. Akakojoa kutwa nzima."

Wakawaza wote wawili. Kutwa nzima! Mkojo gani huo?

Jioni ndipo Baba akatokea, akinuka dizeli.

"Karanga ziko wapi?" akauliza Atupele.

"Karanga?" akasema Baba. "Karanga gani? Ahaa! Karanga! Duka lilikuwa limefungwa, mwanangu."

Wakapita mbele ya duka. Duka lilikuwa wazi. Muuza duka akawapungia mkono. Karanga zilikuwa zimejaa kwenye beseni.

Baba akaongeza mwendo. Lakini Atupele aliliona lile beseni.

Kesho yake, mvua ilinyesha tena. Chwaka, chwaka, chwaka, mpaka getini. Atupele akaukamata mguu wa suruali. Safari hii alikamata na mkanda.

"Mwanangu, naenda kuangalia kama katapila limelala vizuri," akasema Baba. "Nakuja sasa hivi!"

"Uwongo!" akasema Atupele.

Baba akajichomoa, akakimbia. Chwaka, chwaka, chwaka! Mabuti yakatokomea.

"Uwiiiii!" akalia Atupele. Alilia kwa mdomo, kwa macho, na kwa pua. Hata Lusajo alishangaa, na Lusajo ni mtu anayezijua pua.

Mwalimu Subilaga akampakata. Hakumwambia nyamaza. Alimpapasa tu mgongo, pole pole.

Sasa, unadhani Baba alikwenda kazini?

Hakwenda. Alijificha nyuma ya michongoma. Kofia yake ya njano ikapanda juu. Ikashuka chini. Ikapanda juu tena.

"Mwalimu!" akaita Lusajo. "Michongoma imeota kofia!"

Watoto wote wakakimbilia uzioni. Kofia ikashuka haraka. Halafu ikasikika sauti kubwa.

"Uwii! Mama yangu wee!"

Mtu anayesukuma vilima alikuwa amenasa kwenye miiba. Imemshika shati, imemshika suruali, imemshika na sikio.

"Baba Atupele," akasema Mwalimu Subilaga, "ingia au ondoka. Watu hawakai kwenye michongoma."

"Siwezi, Mwalimu," akasema Baba. "Nimenasa."

Basi watoto wakatoka, wakamshika. Huyu mkono, huyu shati, huyu buti. Vuta! Vuta! Pwaa! Baba akaanguka kwenye matope, na watoto wakaanguka juu yake.

Macho ya Baba yalikuwa mekundu. Mashavu yalikuwa yamelowa.

"Ni vumbi," akasema Baba. "Vumbi limeniingia machoni."

Mvua ilikuwa inanyesha. Tukuyu nzima haikuwa na vumbi hata la kujaza kijiko.

Atupele akaacha kulia. Akamsogelea Baba, akamtazama machoni.

"Baba, unaogopa?"

"Mimi? Mimi siogopi ki…"

"Baba."

Baba akashusha pumzi. "Kidogo," akasema. Sauti yake kubwa ilikuwa imeisha yote. "Nimezoea ukiwa na Bibi. Hapa sijapazoea."

"Hata mimi sijapazoea," akasema Atupele. "Na zile karanga? Ulidanganya?"

Baba akatazama mabuti yake. Mwalimu Subilaga akatazama mawingu. Hakuna aliyekuja kumsaidia.

"Nilidanganya," akasema Baba. "Nilitaka usilie."

"Lakini mimi nilikaa kwenye ngazi," akasema Atupele. "Nilikusubiri, nikakusubiri. Sikucheza. Uji nao sikunywa."

Maneno hayo yalimchoma Baba kuliko michongoma.

"Sema kweli," akasema Atupele. "Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kazini."

"Unakuja sasa hivi?"

Baba akafungua mdomo. Akaufunga. Ile sasa hivi ilikuwa pale pale kwenye ulimi, inataka kutoka. Akaimeza.

"Siji sasa hivi," akasema. "Utakunywa uji. Utacheza. Utakula wali, utalala kidogo. Ukiamka, nitakuja."

Ukweli huo haukuwa mtamu. Ulikuwa mrefu kama barabara ya kwenda Kyela. Midomo ya Atupele ikaanza kutetemeka.

"Kwaheri, mwanangu," akasema Baba.

"Kwaheri, Baba," akasema Atupele. Halafu akalia. "Uwiiiii!"

Baba akageuka nusu. Mwalimu Subilaga akamtazama, akatikisa kichwa. Baba akaondoka. Chwaka… chwaka… chwaka… Mabuti yalikwenda polepole, kama yamebeba mzigo.

Atupele akalia mpaka uji ukaja. Akalia huku ameshika kikombe. Lusajo akasogea, akakichungulia kile kikombe.

"Hutaki uji wako?" akauliza Lusajo.

"Nautaka!"

Kulia na kulinda uji kwa wakati mmoja ni kazi ngumu. Atupele akachagua uji.

Mvua ilipokatika, wakatoka nje kwenye matope. Atupele akapiga magoti, akaweka mikono mbele. "Ngrrrr! Ngrrrr! Mimi ni katapila! Kaeni pembeni!"

Akasukuma tope hapa, akasukuma tope pale. Barabara ikatokea. Kissa akapita juu yake na gari la kopo, biii, biii!

Wakala wali na maharage. Wakanawa. Wakatandika mikeka, wakalala. Fuu… fuu… fuu…

Atupele akaamka. Akafikicha macho. Akatazama geti.

Getini hakukuwa na mtu.

Moyo wake ukaanza kwenda mbio. Du, du, du.

"Amekwenda kununua karanga," akasema Lusajo, bila kufumbua macho.

"Hapana!" akasema Atupele. "Amesema kweli." Lakini alisema taratibu, maana hakuwa na hakika.

Ndipo ikasikika sauti ya ajabu barabarani. Chwaka, pa! Chwaka, pa! Chwaka, pa!

Alikuwa Baba! Anakimbia, anahema, ana tope mpaka kwenye nyusi. Mguu mmoja una buti. Mguu mwingine ni soksi tupu.

"Baba, buti lako liko wapi?"

"Tope… limelimeza… kule chini," akasema Baba, akihema. "Ningesimama kulivuta, ungeamka kabla sijafika."

"Nimeshaamka," akasema Atupele. "Lakini sasa hivi tu."

Baba akamwinua, akamkumbatia. Tope likawa la wote wawili.

Muda si mrefu, mama yake Lusajo akafika kumchukua mwanawe. Lusajo akasimama mbele yake, akashika kiuno.

"Mama," akasema. "Ile pipi iko wapi?"

Mama yake Lusajo akawa na haraka sana ghafla. Akatafuta mwavuli, na mwavuli alikuwa ameushika.

Asubuhi iliyofuata, mambo yalibadilika pale getini. Hakuna mzazi aliyethubutu kukimbia.

"Nakwenda sokoni kuuza nyanya," akasema mama yake Lusajo. "Nitakuja mkimaliza kulala." Mdomo ukamcheza.

"Nakwenda kufundi… kufundisha," akasema baba yake Kissa. Akapenga kamasi kwa tai yake.

Mwalimu Subilaga akapita katikati yao na karatasi laini. "Poleni, wazazi," akasema. "Mtazoea. Watoto wenu nawajua, wataacha kulia wakiona uji. Nyinyi ndio mnanipa kazi."

Baba Atupele akachuchumaa. Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. "Atupele mwanangu, mimi nakwenda kazini, na wewe uta…"

"Ngrrrr!" Atupele alikuwa ameshaingia ndani, anasukuma tope.

"Atupele? Hata kwaheri?"

"Kwaheri, Baba!" akapiga kelele Atupele, bila kugeuka.

Baba akabaki amechuchumaa peke yake. Mwalimu Subilaga akampa karatasi laini mbili.

Jioni, nyumbani, Mama alikuwa na hamu ya kujua kila kitu.

"Umefanya nini leo, mwanangu?"

"Hakuna."

"Umekula nini?"

"Nimesahau."

"Umejifunza nini?"

Atupele akafikiri sana. "Lusajo anaweza kutoa povu puani," akasema.

Mama akamwangalia Baba. Baba akaangalia dari.

Atupele akaogeshwa, akapanda kitandani. Pale pale, bila kuombwa, akaanza kuimba wimbo wa chura na ndoo. Hakuna aliyemfundisha wimbo huo nyumbani. Aliimba kwa nguvu, akapiga makofi, akafika pale chura anapoingia kwenye ndoo…

Akalala, mdomo wazi.

"Njoo ule, Baba Atupele," akanong'ona Mama. "Ugali unapoa."

"Ngoja kidogo," akanong'ona Baba. "Namtazama tu."

Ugali ukapoa. Mama akarudi chumbani kuangalia. Baba alikuwa amejikunja pembeni ya kitanda kidogo, miguu inaning'inia nje. Khorrr! Khorrr!

Mama akawafunika wote wawili, akazima taa.

Aliwaacha walale. Mzazi anayeanza chekechea, jioni huwa amechoka sana.