Mayai ya Tegu Bustanini Makurunge

Mwaka 1956 nilikuwa na bustani ya nyanya na kotimiri Makurunge. Mke wangu Zuleha alishona kofia za vito, zile za kutarizi kwa sindano, akisifiwa Bagamoyo nzima. Binti yetu Mize alikuwa bado mdogo. Nilikuwa pia na kibarua kutoka bara.

Siku moja kibarua aliniomba, "Bwana, naomba kutumia choo chenu."

"Choo changu? Wewe unayekula nguruwe? Nenda huko majanini!"

Basi akawa anajisaidia kando ya bustani. Mvua ikinyesha, maji yalipita pale yakaingia kwenye matuta. Sisi tulikula kachumbari kila siku, wala mboga hatukuziosha vizuri.

Mwaka uliofuata Zuleha alilia. "Baba Mize, naona sindano mbili!"

Kichwa kilimuuma. Jicho la kushoto lilielekea puani, likagoma kurudi. Mimi nikasema ni shetani. Tukampunga miezi mitatu. Miezi mitatu, jamani!

Mwishowe nilimpeleka zahanati. Mganga wa pale, Bwana Alawi, alimpapasa mikono, akakuta vinundu chini ya ngozi. Alitutuma Dar es Salaam kupiga picha ya kichwa. Tuliporudi alitueleza.

"Mama amemeza mayai ya tegu, mnyoo wa nguruwe. Watoto wa tegu wamekwenda na damu hadi kichwani. Kwa jinsi jicho lilivyo, mmoja amekaa kwenye shina la ubongo, panapoongoza macho."

Nilipandwa na hasira. "Unatutukana? Nyama hiyo hatujaionja tangu babu na babu!"

"Sikutukani, bwana. Anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Mayai hutoka na kinyesi chake. Anayeyameza ndiye huugua hivi, hata kama hajapata kumwona nguruwe. Nani anajisaidia karibu na mboga zenu?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Jicho langu lina dawa?" Zuleha aliuliza.

"Kwa sasa hatuna, mama."

Wiki ile nilichimba choo bustanini kwa mikono yangu, nikaweka maji na sabuni. Kibarua alipewa dawa, tegu akamtoka. Mboga sasa tunazipika, na mikono tunanawa. Mize ni mzima, alhamdulillahi.

Lakini Zuleha hashoni tena. Juzi nilimwomba radhi. Alifumba jicho moja ili anione mmoja.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Na yule kibarua, umemwomba?"

Sijamwomba. Namwonea haya hadi leo.