Chukudu ya Mathe na Mahakama Mbili

Asubuhi ile ya mwaka 2001, ukungu ulishuka Bungulu, mzito hivi kwamba jogoo mmoja aliupanda na kuwika juu yake. Mathe alikuwa angali katika ndoto. Alisukuma chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, imejaa viazi, na magurudumu hayakugusa udongo. Akaamka, akanyoosha mkono ukutani. Chukudu haikuwepo. Wiki moja sasa. Iliibwa na jirani yake, Ézéchiel. Mathe alimwona kwa mbali akienda nayo njia ya Mavivi. Ézéchiel alikuwa tayari amefungwa kasho, mahabusu ya polisi.

Mathe akaenda kwa Mama Rébecca, karani wa zamani wa mahakama, amwandikie mashtaka.

"Andika alikuwa na bunduki."

"Uliiona?"

"Niliona kitu kirefu."

"Kirefu kama nini?"

"Kama mpini wa jembe."

"Na kilikuwa nini?"

Mathe aliangalia ukungu. "Mpini wa jembe."

Rébecca akaweka kalamu chini. "Donc, bunduki inatoka wapi?"

"Mama, chukudu ni miguu yangu. Ni tumbo ya batoto. Nataka tribunali kubwa. Ile ndogo ni ya kesi za kuku."

"Sikia, Papa Mathe. Hasira yako haichague tribunali. Azabu yenye iko mu sheria ndiyo inachagua. Kama haipite miaka tano ya gereza, ni tribunal de paix, ile ndogo. Wizi wa kawaida uko pale. Kama inapita tano, mpaka kifo, ni tribunal de grande instance, ile kubwa. Wizi wa silaha uko kule."

"Kifo?" Mathe aliuliza polepole. "Mais nilitaka tu bamutishe."

"Anzia kwa ile ndogo. Kama haukubali hukumu yake, utapeleka rufani kwa ile kubwa."

Katika ukungu Mathe aliona jumba kubwa lisilo na mlango. Nje alisimama Furaha, mke wa Ézéchiel, na sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akimngoja mtu asiyerudi.

"Futa bunduki," alisema. "Mpini, uache."

"Wa nini?"

"Ule ulikuwa wa kweli."

Tribunal de paix ilimhukumu Ézéchiel miezi sita kwa wizi, na chukudu ikarudi kwa Mathe.

Mwaka uliofuata risasi zililia upande wa Mavivi. Mathe aliwapakia watoto wake juu ya chukudu, akaongeza na wa Furaha. Mbele alivuta yeye, nyuma alisukuma Ézéchiel, aliyekwisha kutoka gerezani. Waliowaona wakipita wanaapa mpaka leo: magurudumu hayakugusa udongo.