Nyangumi Walishaondoka

"Kaka, tunapelekwa kuona nyangumi!"

Nukta alikaza simu sikioni. Jicho lake halikubanduka kwenye darubini.

Alikuwa amejilaza juu ya paa la ghala la chupa, bastola yake ya Glock ikimchoma ubavu. Ng'ambo ya barabara, katikati ya mashamba ya mizabibu, basi dogo jeupe lilikuwa likioshwa.

"Nani anawapeleka?"

"Mjomba." Ndivyo wavunaji walivyomwita msimamizi wa shamba. "Zabibu zimekwisha, anasema tumevuja jasho vya kutosha, sasa tule raha. Amechukua vitambulisho vyetu akatukatie tiketi."

Kwa mdogo wake, Nukta alikuwa muuza matairi, si askari wa siri. Binti huyo alikuwa amemaliza chuo, amekosa kazi, ameamua kuchuma zabibu kuliko kukaa bure. Kila siku kaka alimwahidi kumpeleka pwani. Kila siku kazi ilimbana.

Ndiyo maana alijua. Alishaulizia. Nyangumi huja pwani ile wakati wa baridi. Joto likipanda, huondoka. Zabibu huvunwa kwenye joto.

Mjomba alikuwa amewachagulia uongo wake watu wasioijua bahari.

"Haya, nipangie safari basi," mdogo wake alisema. "Wewe si ndiye unayezijua barabara zote?"

"Mwombeni dereva asimame kituo cha mafuta, pale mlimani kabla ya kuteremka. Vyoo vyake visafi. Vaa sweta. Na ile darubini niliyokupa, usiiache."

Ndani ya darubini ile kulikuwa na kifaa cha kuonyesha mahali alipo, kidogo kama punje ya mchele. Alikiweka kwa woga wa kaka, si kwa kazi.

"Tutawaona kweli?"

"Bahari mtaiona."

"We naye! Hata kumfurahisha mtu hutaki."

Simu ikakatika. Redio ikakoroma.

"Nukta, Kiota hapa," mkuu wake akaita kutoka makao makuu. "Basi lisiguswe. Tunaitaka meli ya wauza watu."

"Mkuu, mdogo wangu yumo."

"Tunajua."

"Mlijua lini?"



"Tukilizuia basi, tutampata Mjomba tu," sauti ikakwepa swali. "Wenye meli watakimbia, wapakie vijana wengine bandari nyingine. Unanipata?"

"Nakupata."

Akakunja darubini, akateremka paani.

*

Alifika mlimani mapema kwa pikipiki yake nyeusi ya BMW, akaegesha kando ya pampu. Helmeti hakuivua.

Basi likaja. Likasimama.

Wavunaji wakashuka wakiimba, mikono bado na madoa ya zambarau. Mdogo wake akapita karibu yake, sweta mabegani, akimtania mwenzake: "Nyangumi akikuona wewe, atapiga mbizi asirudi!"

Angenyoosha mkono tu, angemshika.

Mlangoni mwa basi, Mjomba alikuwa akiwatazama mmoja mmoja anayerudi. Akipungua hata mmoja, angenusa hatari.

Nukta alishika usukani wa pikipiki hadi vidole vikafa ganzi.

Basi likateremka.

*

Mbali na ufuko, boti ya watalii iliyowabeba wavunaji na Mjomba ilizima injini. Bahari ilikuwa tupu.

Si mgongo. Si mkia.

Meli ya kijivu ikatokea nyuma ya rasi. Kamba zikarushwa.

"Mjomba, mbona hii ni meli ya mizigo?" msichana mmoja aliuliza.

"Panda, acha maswali."

Nyuma ya miamba, alikokuwa akifuatilia kile kifaa, redio ya Nukta ikalia mara moja: ishara ya kuvamia. Boti yake ya mpira ikaruka juu ya mawimbi, boti za doria zikichomoza kushoto na kulia.

"Zima injini! Mikono juu!"

Mjomba akamvuta aliyekuwa karibu. Bastola shingoni. Alikuwa mdogo wake.

"Sogea nimmalize!"

Nukta akavua helmeti apate kulenga vizuri.

"Kaka?"

Mjomba akageuza macho.

Risasi moja. Bega la Mjomba. Bastola ikatumbukia baharini.

Kwenye meli, nahodha akapiga magoti sitahani.

*

Gatini, wavunaji walifunikwa mablanketi. Wengine walilia. Mmoja alikuwa akicheka bila kuweza kuacha.

"Yule wa pikipiki pale mlimani alikuwa wewe," mdogo wake alisema.

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaniacha nipande."

Binti akawatazama wenzake.

"Usinieleze, kaka. Kichwani naelewa. Ungenitoa mimi, hawa wangebaki." Akafuta pua kwa blanketi. "Lakini leo sipandi pikipiki yako. Narudi nao."

Akaingia kwenye basi la polisi, akakaa kiti cha nyuma.

Redio ikakoroma. "Kazi safi, Nukta. Rudi Kiota."

"Leo hapana, Mkuu."

Akaizima. Akafunga zipu ya koti, akatembea taratibu hadi kwenye BMW.

Basi lilipoondoka, akalifuata kwa mbali, taa imewashwa, mahali ambapo mtu wa kiti cha nyuma angemwona kama angetaka kugeuka.