Efrazia na Taa ya Kijani

Kila asubuhi katika shule yetu hapa Nangwa, kabla ya kengele ya paredi, Efrazia hufungua dirisha la chumba cha kompyuta, hufuta vumbi mezani, kisha huwasha kompyuta yetu ndogo. Ninaposema ndogo, ni ndogo kweli. Inaenea kwenye kiganja, na haina hata kioo. Lakini ndani yake yamo masomo yote ya darasa la saba pamoja na mitihani ya miaka iliyopita, na vishikwambi vyetu kumi huyasoma kutoka humo bila intaneti. Mimi ni Modest, ninakaa naye dawati moja, na ninamvulia kofia msichana huyu.

Jumatatu moja, zikiwa zimebaki wiki mbili tufanye mtihani wa taifa, Mwalimu Renatus aliamua kusasisha programu ya msingi ya kompyuta hiyo, ile inayoiamsha kila inapowashwa. Ilikuwa imeanza kuzimika ovyo katikati ya masomo. Alianza kazi saa nne, mara akaitwa ofisini, akamwachia Efrazia ulinzi.

"Taa ya kijani ikiwa bado inametameta, usiguse waya," alimwambia. "Umeme ukikatwa katikati ya kazi hii, kompyuta inaweza isiamke tena."

Hazikupita dakika mbili akaingia Mzee Yoakimu, mjumbe wa kamati ya shule, fimbo mkono mmoja na simu iliyozima mkono wa pili. Tulisimama tukamwamkia, naye akaitikia. Alieleza kwamba ng'ombe wake alikuwa amelala tangu jana, hawezi kusimama, na bwana mifugo angempigia wakati wowote. Soketi nzima chumbani ilikuwa moja tu. Akamwomba Efrazia achomoe ule waya, yeye achaji simu kidogo.

Kwetu mtoto hamkatalii mzee. Efrazia aliitupia jicho taa ya kijani, akachomoa waya. Taa ya kijani ikazimika.

Mzee alichaji simu yake kwa robo saa, akashukuru na kuondoka. Tuliporudisha waya, iliwaka taa nyekundu peke yake. Efrazia alichomoa, akachomeka tena, ikawa vilevile. Machozi yakamlengalenga.

"Tuseme umeme ulikatika," nilimnong'oneza. Umeme wetu hukatika mara kwa mara, kwa hiyo hakuna ambaye angeshangaa. Ndiyo, nilisema hivyo, na sijivunii hata kidogo.

Efrazia alitikisa kichwa. Mwalimu aliporudi, alimkabili akiwa amesimama wima.

"Mwalimu, umeme haukukatika. Nimechomoa mimi."

Nilitaka kumtaja mzee, akanikanyaga mguu. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unauma.

Mwalimu Renatus aliichunguza ile taa nyekundu. Kisha akasema kosa hilo ni zito, lakini kwa kuwa amejua ukweli, anajua pia pa kutafuta dawa. Alitoa kurasa tatu za maelekezo ya watengenezaji, zote kwa Kiingereza. Efrazia akaomba azisome yeye. Mchana huo sisi tulicheza mpira, na yeye alibaki darasani na kamusi, akiandika maana ya kila neno pembeni kwa penseli.

Kumbe ilitakiwa kadi ya kumbukumbu ya akiba, siyo ile yenye masomo, ifutwe yote, iwekwe mafaili ya kuiokoa kompyuta, kisha ichomekwe kwenye kompyuta yenyewe. Kesho yake asubuhi alifanya hivyo kwa kompyuta mpakato ya mwalimu, mwenyewe akiangalia. Taa nyekundu tu. Mimi ningekata tamaa. Yeye alirudi ukurasa wa kwanza, akaweka rula chini ya kila mstari, akaligundua kosa: alikuwa ameyaacha mafaili ndani ya folda, na maelekezo yalitaka yakae nje ya folda yoyote. Akayahamisha, akachomeka umeme. Taa ya kijani ikaanza kumetameta harakaharaka bila kusita, ishara kwamba imepona, kama ukurasa wa tatu ulivyosema. Nilipiga makofi hadi viganja vikawasha.

Wakati huohuo Mzee Yoakimu aliingia kutuambia kwamba ng'ombe wake amesimama. Alituona na furaha yetu, akauliza kulikoni. Mwalimu akamweleza yaliyotokea jana. Mzee alinyoosha fimbo kuelekea ile soketi.

"Ni mimi niliyemwambia achomoe," alisema. "Mjukuu wangu, mbona hukuniambia?"

"Niliona haya kukukatalia, babu."

Mzee alivuta kiti, akakaa karibu naye. "Kuniamkia ni heshima. Kuniambia ukweli kwa upole nayo ni heshima. Mimi kifaa hiki sikijui, wewe unakijua. Ukinyamaza, unaniacha nikosee. Lakini umekiri kosa bila kunitaja, na umelirekebisha kwa jasho lako. Hilo nitawasimulia wazazi kwenye kikao."

Wiki iliyofuata alikuja tena na simu imezima. Efrazia alimwamkia kwa adabu, kisha akasema, "Babu, naomba usubiri nusu saa. Darasa la saba tunafanya zoezi la hesabu kwenye vishikwambi."

Mzee Yoakimu aliegemeza fimbo ukutani, akakaa kwenye benchi letu la nyuma, akasubiri.